Leo si Jumanne

Mgeni aliingia maabara bila kubisha hodi. Akafungua bendeji kwa meno, tabaka baada ya tabaka, kisha akaiweka mikono yake juu ya meza katikati ya chupa. Ngozi ilikuwa imebambuka mpaka kwenye viwiko.

"Nani hapa anayepima mto?"

Mpimaji alisimama. Alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, na wenzake walimtania kwa jina la Bi Chupa. "Ni mimi, mzee. Lakini mikono hiyo ni ya kupeleka hospitali."

"Hospitali nimetoka. Mimi ni dobi, nafulia pale kwenye kona ya mto, chini ya kiwanda cha nguo. Nimekuja kuuliza: nyinyi mnapima mto upi?"

Swali lilimchoma. Ukutani nyuma yake ilining'inia chati aliyoichora mwenyewe, Jumanne zote za miaka minne, kila nukta ya kijani. Ukali wa maji kwa kipimo cha pH, ambapo saba ni salama: saba, saba na kidogo, saba. Kwa kuiamini chati hiyo, wapangaji wa mipango ya maji ya mji walikuwa wakutane leo saa tisa alasiri kuamua bomba la kuvuta maji ya kunywa liwekwe wapi. Pini ilikuwa tayari kwenye ramani, pale pale anapofulia dobi.

"Mto huo huo," alisema. "Kila Jumanne saa sita mchana. Tunapita getini kwa kiwanda, dereva anapiga honi mara mbili, wanatufungulia, tunashuka hadi..."

Akageuka kuitazama chati.

"Malizia, mwanangu," dobi alisema taratibu. "Tangu lini mwizi akapigiwa hodi? Mkipiga honi, wao wanafunga bomba lao la maji machafu. Siku nyingine zote wanalifungua saa sita mchana. Jana waliwahi, wakanikuta ndani ya maji."

Bi Chupa alichukua kipimo cha mkononi, chupa mbili na glovu. Dobi akaushika mkanda wa mkoba wa binti kwa vidole vilivyochunika.

"Wenzako waliokutangulia walichota maji kwangu mara mbili. Walisema watarudi kunipa majibu. Nawangoja mpaka leo. Usichote kama hutarudi."

"Nitarudi. Kabla jua halijazama nitakuletea namba, kwa mdomo wangu."

"Haya. Maneno matupu hayavunji mfupa."

Walikwenda kwa miguu, wakipenya kwenye matete. Saa sita na dakika kumi bomba lilikohoa, likatapika maji ya buluu iliyokolea yaliyotoa povu na mvuke. Samaki wakaanza kuibuka, matumbo juu. Binti alisuuza chupa mara tatu kama alivyofundishwa, akaijaza, akaifunga, akaandika saa kwenye lebo. Aliisukuma ndani ya blauzi yake ili apate mikono ya kujaza ya pili. Hapo ndipo rungu lilipotua begani mwake.

"Dada," mlinzi alisema, karibu kwa adabu, "leo si Jumanne."

Walikuwa wawili. Yule mwingine alikiokota kipimo na kukipondaponda juu ya jiwe. Binti aliinyakua chupa ya pili; mlinzi akaukanyaga mkono wake, akazungusha kisigino, vidole viwili vikalia kama vijiti vikavu. Chupa ilipasuka chini ya kiganja na vioo vikaingia nyamani. Maji ya buluu yakamwingia kwenye jeraha, akapiga yowe ambalo hakulitambua kuwa lake.

Dobi, asiyeweza kukunja ngumi, alimrukia mlinzi mgongoni na kumng'ata sikio. Rungu lilimpata mbavuni, mara moja, mara mbili, mara tatu, kwa mpigo wa mtu anayetwanga. Alianguka kwenye matope akiwa bado na damu ya mlinzi mdomoni.

"Kimbia, mwanangu. Namba," alisema.

Alikimbia. Teke la mwisho lilimvunja jino, lakini hakuondoa mkono wake mzima kifuani.

Maabarani aliyasoma maji kwa mkono wa kushoto, kioo cha mashine kikidondokewa damu. Kumi na moja nukta nne. Kila hatua moja juu ya saba ni ukali mara kumi. Haya yalikuwa maji ya kuchuna ngozi. Mkuu wa maabara alisimama mlangoni.

"Sampuli nje ya ratiba si sampuli," alisema. "Nenda katibiwe. Ukiingia na hiyo kikaoni, hapa usirudi."

Aliibandua chati ukutani, akaweka nukta nyekundu juu kabisa, mbali na zile za kijani, akaingia kikaoni. Wapangaji walitazama uso wake kabla ya kuitazama chati. Aliiweka chupa mezani.

"Zote hizi za kijani nilizichora mimi," alisema. "Tulikuwa tunapiga honi."

Hakuna aliyemwelewa mpaka alipoeleza. Kisha mwenyekiti akainuka, akaing'oa pini kwenye ramani, akabaki ameishika kama mtu asiyejua pa kuitupa.

Hospitalini muuguzi alimwambia akae kwenye benchi. Vidole vilitaka kunyooshwa. Dirishani jua lilikuwa limegusa mapaa.

"Narudi," alisema binti, akigeukia mlango.

"Dada, hivyo vitaganda vimepinda."

"Narudi."

Njia ya kwenda kwa dobi ilipita mbele ya geti la kiwanda, na hakukuwa na nyingine. Mlinzi aliyefungwa kitambaa sikioni alimwona. Jiwe la kwanza lilipita. La pili lilimpiga mgongoni, pumzi ikamtoka, akapiga goti. Akainuka. Akatembea.

Chumba cha dobi kilikuwa na kamba nne za nguo za watu ambazo hazijakauka. Mkewe alikuwa akimfunga mbavu kwa shuka iliyochanwa. Mwanga mwekundu ulikuwa bado kizingitini.

"Hodi," alisema Bi Chupa kupitia pengo la jino.

Dobi aligeuza kichwa kwa shida. "Umerudi."

"Kumi na moja nukta nne, mzee."