Kibanio Chekundu na Masharubu ya Mzee

Mume wangu ni fundi cherehani, na katika gitaa anajua mishiko mitatu tu ya vidole. Mishiko yenyewe iko chini mno. Nikiimba nayo, nanguruma kama mashine ya kusaga iliyokosa nafaka. Na mjukuu wetu alikuwa anaolewa Jumamosi, akataka tumwimbie sisi wawili. Tukishindwa, mjomba wa bwana harusi alikuwa tayari na kinanda chake, na mdomo wake pia.

Muuza magitaa akatuazima vibanio viwili vya springi, tuchague kimoja.

"Unakibana hapa shingoni mwa gitaa, mama, sauti inapanda. Ukikisogeza kuelekea tumboni, inazidi kupanda."

Shule yangu iliishia darasa la nne, lakini kibanio nakijua. Nimeanika nguo miaka hamsini. Kibanio ni springi. Mengine ni rangi.

Tukaanza na cheusi. Springi yake laini, nilikifungua kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika kikombe cha chai. Lakini uzi mnene ukalia zzzz, kama nzi aliyefungiwa koponi. Mzee akashusha miwani.

"Mpira wake umenyooka, shingo ya gitaa ina mgongo. Nguo haijamkaa mteja."

Sikutaka kukionea. Nikakipeleka kambani na suruali mbichi ya mzee. Vikaanguka vyote matopeni.

"Suruali yangu!"

"Imefia kazini," nikamwambia.

Chekundu, lo! Kukifungua niliminya kwa mikono miwili, nikaomba na msaada wa magoti. Mpira wake umepinda kidogo, ukaikumbatia shingo vizuri. Mwanzoni kilizivuta nyuzi mpaka zikapotoka; nikakisogeza karibu kabisa na kichuma, kimoja cha vile vilivyolala kama ngazi shingoni, zikatulia, kila uzi ukasema lake.

Sasa tukibane kichuma cha ngapi? Hapo ndipo tulipogombana kutwa nzima. Mimi nasema juu, yeye anasema chini.

"Wewe huna sikio!"

"Ninayo mawili, na yote yamechoka na wewe!"

Akainama asikilize uzi kwa karibu, nami ndiyo kwanza nakifungua nikihamishe. Kikaniponyoka. Kikadaka masharubu.

"Aaaaai!"

Mjukuu akachomoka jikoni na mwiko mkononi. "Bibi! Hiyo hiyo! Hiyo ndiyo sauti yako!"

Nikaanza kuimba juu ya ukelele wa mzee. Ukanikaa kama kifuniko na chungu chake.

"Nitoeni!"

"Usinyamaze, mume wangu, shikilia hapo hapo!"

"Aaaaai!"

"Babu, umeshuka kidogo," mjukuu akamwambia, huku anadonoa uzi kichuma kwa kichuma. Cha kwanza, bado. Cha pili, bado. Cha tatu, bado. Cha nne, gitaa na babu wakalia sauti moja.

Ndipo tukamfungua. Kibanio kikatoka na nywele zake kadhaa, springi haijalegea hata chembe. Nikasema hiki ndicho. Cheusi kikarudi dukani.

Masharubu yalikuwa yamebaki upande mmoja na nusu, ikabidi ayanyoe yote. Jumamosi tukabana cha nne, tukaimba mpaka bibi harusi akalia na poda yake. Mjomba wa kinanda akaja mbio.

"Mama, mliipataje sauti inayowakaa namna ile?"

Mzee akajifunika mdomo kwa kiganja.

"Tuliivuta tu," nikamjibu.