Sekunde Nne za Mwakio

Jana mchana, baada ya kuanika mbaazi, Mkawasi alipitiwa na usingizi pale mkekani, akaota amekwenda chuo kikuu kudai maneno ya marehemu mumewe.

Mumewe, Mwakio, alifukiwa na mgodi wa vito miaka mitatu iliyopita. Mwaka jana alikuja mtafiti, Daktari Kerubo, akawafundisha wajane sita wa machimboni kutengeneza filamu kwa simu. "Filamu hii ni yetu sote," aliwaambia. Mkawasi akasimulia asubuhi ile ya mwisho, hadi maneno ya Mwakio ya kuaga, ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Filamu ikaenda kuonyeshwa Ulaya. Kijijini haikurudi.

Basi katika ndoto chuo kikuu kilikuwa ndani ya zahanati ya kijiji, na hakuna aliyeshangaa. Mlangoni ilikaa fomu ya ridhaa, ile ile aliyoitia sahihi kabla ya kurekodiwa, imevaa miwani.

"Shikamoo," fomu ikamwamkia.

"Marahaba. Nimefuata maneno ya mume wangu."

"Wewe nani?"

"Mkawasi, mke wa Mwakio."

"Hatuna mtu huyo. Tuliahidi kuficha jina lake. Tunaye Mshiriki wa Tatu."

Mkawasi anajishika uso. Uso umekuwa ukungu mtupu. Anaufuta kwa leso. Ukungu unahamia kwenye leso, uso haurudi. Binti yake Mghoi anapita na ndoo ya maji.

"Samahani," anasema Mghoi, "umemwona mama yangu?"

"Ni mimi, mwanangu."

"Haya, pole," anajibu Mghoi kwa adabu, anakwenda zake.

Zahanati ikawa ukumbi. Jukwaani alisimama Daktari Kerubo na katoni iliyojaa sauti, zimefungwa moja moja kwa magazeti kama glasi.

"Karibu mama. Hii hapa yako. Mradi wetu ulikupa sauti."

"Sauti nilikuwa nayo. Nilikuja nayo kwenye warsha."

"Ile ilikuwa na kelele za kuku. Tumeisafisha."

"Mlisema naweza kujitoa wakati wowote. Najitoa."

Fomu ikakohoa. "Unajitoa wewe. Hadithi inabaki."

Na kweli, anatolewa. Kwenye skrini jiko lake linaonekana, na kigoda chake kitupu. Mwakio anafunga kamba za viatu, anakiambia kigoda maneno yale. Watu ukumbini wanaandika. Mmoja anamnong'oneza jirani yake, "Hapa ndipo panapogusa."

Mkawasi anapanda jukwaani, anapenyeza mkono ndani ya skrini, anayachukua maneno kinywani mwa mumewe na kuyameza. Yana joto, kama uji. Midomo ya Mwakio inaendelea kucheza, haitoi kitu.

"Mama, hiyo ni data!" Daktari Kerubo anapiga kelele.

"Ni mume wangu."

Alizinduka. Jua lilikuwa limemfikia miguuni. Mghoi alisimama kando ya mkeka na simu mkononi.

"Mama, yule daktari ametuma ujumbe."

"Nisomee."

"'Shikamoo Mama Mghoi. Leo tulikuwa tunawaonyesha wanafunzi filamu, tukakuta sekunde nne hazina sauti, pale unaposema baba alivyoaga. Midomo yako inacheza tu. Tumeangalia nakala zote, ni hivyo hivyo. Tafadhali jirekodi tena, useme alichosema.'"

Mghoi aliusoma ujumbe tena, kimya, kisha akainua macho.

"Kwani baba aliaga akisemaje?"

"Hujui?"

"Ningejulia wapi? Hukuniambia."

Ulaya walijua. Wanafunzi waliotangulia, ambao hata jina la Mkawasi hawakupewa, walijua, wakaandika kwenye daftari. Kumnyima Mghoi maneno hayo lilikuwa kosa la Mkawasi mwenyewe, halikuwa la daktari wala la fomu.

Akasogea, akampa binti yake nafasi mkekani.

"Zima simu kwanza," akasema. "Halafu ukae."