Kilo za Bashiri

Daktari mgeni katika hospitali ya Dodoma aliweka sharti moja: uzito usizidi kilo mia na ishirini. Chini ya hapo, angemwekea Bashiri kifundo kipya cha mguu, cha chuma na plastiki. Zaidi ya hapo, angeunga mifupa tu, mguu ukakamae maisha.

"Anasema wapo wanene wanaopona vizuri," sista Dorothea alimtafsiria. "Ila mfupa wako ulipondeka sana ulipoanguka. Uzito ukizidi, kidonda kitachelewa kufunga na chuma kitalegea. Na mizani yetu umeshaimaliza, baba. Kapimwe huko kwenu Kibaigwa, mnakopima magunia, ulete karatasi."

Bashiri alicheka naye. Tangu biashara iwe huria, kitambi chake ndicho kilichomtangulia kila mlango na kupewa kiti. Lakini mfanyabiashara wa mahindi asiyeweza kupanda lori kukagua magunia anauziwa pumba huku anatabasamu, na mguu uliokakamaa haupandi lori.

Ghalani mwake mlikuwa na mizani mbili. Ya kuuzia ilisema kweli. Ya kununulia ilikuwa na maradhi ya kusahau: kila kilo mia, kumi na tano haizikumbuki.

"Mzee, unapanda ipi?" aliuliza Matonya, mpimaji wake.

"Kwani nimekuja kuuzwa?"

Akapanda ya kununulia. Mia na kumi na nane.

Matonya hakuandika. "Hii tunawapunjia wakulima, mzee. Na wewe ikupunje?"

"Andika, bwana. Leo inanihurumia."

Karatasi ikafika kwa daktari, akapasuliwa. Kidonda kilitoa maji wiki saba. Kilipofunga, Bashiri alipanda lori mbele ya watu, wakampigia makofi. Mwezi wa tano baada ya kupasuliwa, akishuka, alisikia ndani ya kifundo kitu kikisagika, kama mchanga kwenye ugali. Hakumwambia mtu. Kila asubuhi mchanga uliongezeka.

Daktari aliporudi Dodoma, aliitazama picha ya eksirei ya mguu. Kisha akazungumza taratibu, na safari hii sista Dorothea hakutania.

"Chuma kimezama kwenye mfupa. Anasema ungekuwa na uzito mkubwa angeelewa. Lakini karatasi inasema mia na kumi na nane. Kwa hiyo anahofia mfupa unaoza ndani. Anataka kuupasua tena kesho, autafute usaha. Akiukuta umeenea, atakata mguu. Anauliza: uzito huu ni wa kweli?"

Mlango ulikuwa wazi. Kwenye benchi la nje walikaa wakulima watano wa Kibaigwa waliomleta mwenzao mgonjwa. Wote walishamuuzia Bashiri mahindi, tena kwa miaka. Mmoja alimwinulia mkono kwa heshima.

Jibu la kweli lilikuwa neno moja: hapana. Lakini baada yake lingekuja swali la mizani ipi, na wale watano wangelisikia.

"Ni wa kweli," alisema Bashiri.

Sista Dorothea akamsogezea fomu ya kukubali kupasuliwa. Bashiri akaomba kalamu.