Chumba cha Pwani Alichokikimbia Mama Mkwe

Fundi cherehani alikuwa hajawahi kuiona bahari kwa macho yake, lakini chumba cha pwani alikijua ndani nje. Alikijua kutoka kwenye jarida la saluni, lile lililochakaa kwa kulambiwa vidole. Kuta nyeupe, mapazia ya buluu, mito ya mistari, mkeka mkubwa, chupa ya kioo iliyojaa makombe ya baharini, na wavu umetundikwa ukutani kama picha ya harusi. Chini waliandika kuwa ukiingia humo, mwili wenyewe unalegea.

Kwa hiyo mumewe, dereva wa lori, aliposema mama yake anakuja kwa kuwa magoti yamekataa ngazi za kule kwake pwani, fundi hakulala. Alipaka rangi kwa mkono wake. Alishona mapazia mazito yenye bitana, buluu iliyokolea hasa. Wavu mkuukuu alimwagiza mumewe akiwa safarini, na mumewe akaja nao pamoja na kamba na mfuko wa makombe.

"Mama ameshona nyavu za wavuvi miaka arobaini," fundi alisema. "Akiuona tu, atajua yuko kwake."

Alikuwa na sababu ya kuhangaika. Mama mkwe alikuwa na wana wawili, na alishakata shauri: wiki moja atakaa kwa mkubwa, na Jumapili mdogo wake, fundi magari, atakuja na gari. Akitaka kuhama, atahama. Akitaka kubaki, atabaki. Fundi alimtaka abaki. Yeye alilelewa na shangazi wa "usiguse hicho, toka hapo," na nyumba yenye mama ndani yake alikuwa anaionja kwa majirani tu. Mumewe naye safari haziishi, na cherehani haijibu ukiisemesha.

Mama akaja. Akaoneshwa chumba. Akasimama mlangoni, akatazama kulia, akatazama kushoto, akasema, "Ehee! Umefanya kazi, mkwe wangu." Basi. Akaweka mkoba wake kitandani, akatoka.

Kesho yake asubuhi, chupa ya makombe ilikuwa nje, kando ya mlango, imefutwa vumbi vizuri. Fundi akadhani mama anaianika. Siku ya pili kamba nazo zilikuwa nje, zimekunjwa kwa ustadi ambao fundi hakuwahi kuuona. Siku ya tatu wavu ukawa barazani, na mama mwenyewe hakai chumbani hata kwa dawa. Alikaa kwenye ujia, kati ya mlango wa mbele na mlango wa jikoni, juu ya kigoda, miguu ameinyoosha, kila apitaye amruke.

"Mama, hapo unakanyagwa. Chumba chako kile pale!"

"Nakiona. Kizuri. Wewe pita tu, mimi si mwiba."

Mteja aliyekuja kupimwa gauni alimruka mara mbili, akauliza kama huyo bibi ndiye askari wa getini. Mama akacheka mpaka machozi. Fundi alicheka mdomoni tu. Moyoni alikuwa anahesabu siku. Leo Alhamisi.

Jioni alishindwa kujizuia. "Mama, niambie ukweli. Chumba kina nini?"

"Kitendawili!" mama akasema.

"Mama jamani, nakuuliza..."

"Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Ninaye mgeni, haingii ndani mpaka aone pa kutokea."

"Mwizi!"

"Mwizi yuko kwenye cherehani, anabakiza vipande vya vitambaa vya watu."

"Mama! Mimi sibakizi!" Fundi aliona aibu, maana kikapu cha vipande kilikuwa kinamtazama. "Basi paka."

"Paka haangalii pa kutokea. Paka anaangalia mboga."

"Nimeshindwa. Nakupa mji."

"Wa nini? Nimechoka kuhama. Wewe fikiri."

Fundi alilifikiria neno hilo kuliko kitendawili chenyewe. Kumbe mtu amechoka kuhama, sasa mbona chumba anakikimbia?

Ijumaa akaanzia kwenye wavu. Mama alikuwa ameutandaza mapajani, vidole vinakwenda vyenyewe.

"Kwa nini uliutoa, mama? Niliuweka ujisikie uko kwenu."

"Una matundu kumi na moja," mama akasema. "Kila nikifumba macho, nayaona. Nikuulize wewe: nikikutundikia ukutani suruali ya mteja iliyochanika matakoni, utapata usingizi?"

Fundi akaiona ile suruali. Akaanza kucheka, akashika ukuta.

"Hiyo ni kazi, mwanamke. Kazi hailali na mtu. Na makombe sisi tunayafagia yasitukate miguu. Lakini nilikuona umejitahidi, nikasema nisikuvunje moyo."

"Basi chumba sasa hakina kitu. Mbona huingii?"

Mama akainama kwenye wavu wake. "Kitendawili ulishakijibu?"

Mama alipokwenda kuoga, fundi alitazama huku na huku, akakaa kwenye kile kigoda. Akanyoosha miguu vilevile. Mwanzo hakuona kitu: ukuta, viatu, ndoo. Akatulia. Kitu laini kikaingia kwa mlango wa mbele, kikampita shingoni, kikainua ukingo wa gauni lake, kikatokea jikoni. Akainuka, akaufunga mlango wa jikoni, akarudi kukaa. Hakuna. Joto tupu. Akaufungua tena. Huyoo, akapita.

"Upepo!" akapiga kelele peke yake. "Mama! Ni upepo!"

"Niache nioge!" sauti ikatoka bafuni, imejaa kicheko.

Fundi alikwenda chumbani mbio. Dirisha moja, limezibwa na pazia zito kama blanketi. Na la pili? Chumba kilikuwa na madirisha mawili, alikumbuka, la pili liko nyuma ya kabati. Alikuwa amepaka rangi kulizunguka kabati lenyewe, kwa uvivu.

Jumamosi alimwita seremala jirani, aliyelitengeneza kabati lile. Seremala alijikuna kichwa. "Hili nililitengeneza likae. Sikulitengeneza litembee."

"Leo litatembea."

Walilisukuma, likalia kama ng'ombe. Nyuma yake ukuta ulikuwa wa kijivu, wenye buibui na umbo la kabati, na dirisha lilikuwa limegoma. Seremala akaligonga kwa kiganja, mara ya tatu likafunguka. Fundi alikuwa ameshashusha yale mapazia ya buluu. Akakata kitambaa cha melimeli, cheupe, chepesi kiasi cha kuona mkono wako, akapinda kingo upesiupesi, akatundika pande zote mbili. Pazia la huku likavutwa ndani, la kule likavutwa nje.

Mama aliingia. Akapanda kitandani na viatu vyake, akasahau kabisa kuvivua.

Jumapili fundi magari alifika na gari lake, akaliacha linanguruma nje. Alimkuta mama amejilaza, kichwa upande wa dirisha.

"Mama, tumekuja. Mkoba uko wapi?"

"Nenda kazime gari, unatumalizia hewa."

"Yaani huendi? Wajukuu wamekutandikia!"

"Walete Jumamosi. Waambie na wao walale mchana hapa, uone kama watagombana." Akamgeukia fundi cherehani, aliyesimama mlangoni ameshika kitasa kwa nguvu. "Na wewe mbona umeganda? Ingia."

Fundi akaingia, akakaa ukingoni mwa kitanda. Shemeji yake alitoka kuzima gari, akinung'unika.

"Mama," fundi akasema, "nikuulize jambo, usinicheke. Bahari, asubuhi, kabla watu hawajaamka. Inatoa sauti gani?"

Mama akamsogezea mto. "Inategemea maji yanakwenda au yanarudi," akasema. "Vua viatu kwanza."