Kundi la Kwenye Mlimao

Mfugaji nyuki yule alikuwa amechoka, wacha tu. Alikuwa analala sebuleni, kwenye kochi, kwa sababu chumba chake kilikuwa na binti yake, aliyerudi na mapacha baada ya ndoa kuvunjika. Karudi kwa muda, eti! Kila asubuhi mama alijiapiza: leo namwambia atafute kwake. Jioni anafyata mdomo. Mtoto ni mtoto jamani, utamfukuzaje?

Sasa na nyuki nao wakamtia kichaa. Walitoka mzingani wakaning'inia kwenye mlimao, kundi zima. Akawakung'utia kwenye sanduku, akawarudisha. Kesho yake wametoka tena. Akawarudisha. Wakatoka.

"Wamenishinda," alimwambia seremala aliyemletea mzinga mpya.

"Mama, wewe ni wa kuambiwa na mimi? Unawarudishaje walikohama? Mle si kuna malkia mwingine?"

"Binti yake. Basi huyo binti ndiye angetoka!"

Seremala akacheka hadi akashika mbavu. Mama hakucheka. Alijua vizuri, kazi ya maisha yake angekosaje kujua: kwa nyuki, mtoto anaachiwa nyumba na asali yake ndani, na malkia mzee ndiye anayefungasha. Alijua, ila hakutaka iwe hivyo.

Akakaa kuwatazama. Juu ya lile kundi, nyuki waliotumwa kutafuta makao walikuwa wanacheza, kila mmoja akisifia shimo aliloliona yeye. Wasipokubaliana, hawaruki. Na yeye akaanza kujipigia hesabu zake: kile chumba cha nyuma ya duka lake, anakojazia asali chupani, kina dirisha, kina bomba, godoro litaenea. Mgongo utapumzika. Ubishi ukamwisha.

Akawaingiza nyuki kwenye mzinga mpya, seremala akawapeleka uani, nyuma ya duka. Kisha akaingia ndani kukunja nguo zake. Alizikunja polepole, makusudi, binti apate nafasi ya kusema.

"Mama, unaenda wapi?"

"Nahamia dukani. Hapa mmekuwa wengi."

Akaikunja upya nguo ileile. Aseme tu usiende, mama. Aseme hata kwa uongo, atazirudisha nguo kabatini na kochi atalilalia hadi kiama.

Binti alimhamishia pacha mmoja bega la pili, akafikiri kidogo.

"Basi niachie ufunguo wako," alisema. "Wangu unakwama."