Ushuzi Alioubeba Shangazi Anatolia

Mwaka mzima tumbo langu lilikuwa linajaa kila nikishakunywa chai ya asubuhi, mpaka kifungo cha suruali kinagoma. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, natembea mitaa ya Bilele, hapa Bukoba, kama mjamzito wa miezi sita. Gesi nayo haikuwa na adabu. Hospitali sikwenda, maana niliona aibu kumweleza mtu habari za ushuzi.

Siku ya kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu Klaudia, kule Muleba, nilikunywa vikombe vitatu vya chai ya maziwa kwa kuogopa kukataa. Mjomba Ildefons, msemaji wetu, akaanza kueleza nia yetu. Wazee wakawa wanatafuna punje za kahawa kimyakimya. Nilibana mpaka jasho likanitoka. Wapi! Ukatoka, mrefu, wenye sauti.

Wote wakatazama upande wetu. Kwenye kochi nilikaa na shangazi Anatolia, dada wa marehemu baba, aliyenilea tangu niko darasa la pili. Na mimi, mwanamume mzima, nikageuza shingo nikamtazama yeye.

Shangazi aliinamisha kichwa. "Mnisamehe waitu, jamani, ni uzee."

Mama yake Klaudia akasema hamna neno, akafungua dirisha.

Ilipofika siku ya kupeleka mahari, mjomba akashauri kwa upole kwamba Anatolia abaki Bukoba apumzike. Shangazi alikuwa ameshapiga pasi gomesi, gauni lake la sherehe. Akalikunja, akalirudisha kabatini, nami nikajifanya natafuta chaja. Chaja yenyewe nilikuwa nimeishika mkononi. Najichukia kwa hilo hadi leo.

Niliporudi kutoka Muleba nikaenda zahanati. Tabibu aliniuliza nakula nini na kunywa nini, akaniambia niache maziwa majuma mawili tuone. Siku ya nne tu tumbo likawa limeshuka. Nilitegemea kufurahi, lakini kila shangazi akiniandalia chai ya rangi na kunipa pole, nilitamani ardhi inimeze. Jumamosi nikashindwa kuvumilia, nikampigia Klaudia.

"Siku ile hakuwa shangazi," nikamwambia. "Ni mimi."

"Tunajua, Dastan. Mama alijua palepale."

"Mbona hamkusema?"

"Alitaka useme wewe. Akasema tungoje siku ya mahari, tuone kama utamleta. Ukaja bila yeye."

"Nisamehe, Klaudia. Nitakuja naye hata kesho."

"Kesho wazee wanarudisha mahari. Mama anasema mtu anayemtwika aliyemlea aibu yake, na mimi atanitwika. Na mimi nimeona hivyohivyo."

Akakata simu. Shangazi alikuwa jikoni anamenya ndizi za mchana.

"Mwana wange," akaita, "Klaudia hajambo?"

Nikasema hajambo.