Ukoo wa Wavivu

Doña Leonisa, mama mzee jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, anadai kwamba kaka yangu Duberney alilala huku amesimama. Anasema ilikuwa leo asubuhi kwenye foleni ya kupima kahawa, kikapu bado kiko kiunoni, na kwamba alipomgusa bega tu, Duberney akaenda chini kama gunia lililofunguliwa kamba.

"Nikamwambia, wewe, hata kuku akilala hushika kijiti! Wewe kijiti chako kiko wapi?"

Foleni nzima ikacheka. Halafu Duberney akatapika, na kicheko kikakatika.

Mimi sikuwepo. Nilimkuta kitandani, viatu miguuni, uso umemvimba. Nilifungua dirisha nimtazame vizuri. Weupe wa macho yake ulikuwa na rangi ya mahindi ya njano.

"Usimlaumu, mwanangu," doña Leonisa aliniambia mlangoni. "Ni damu. Nyinyi si Wavivu?"

Hakuwa akitukana. Huku mlimani karibu wote ni Agudelo, kwa hiyo kila ukoo una jina lake la utani. Wako Mapaka, wako Wachomaji, na sisi ni Wavivu. Bibi yangu mzaa mama alianza kuitwa hivyo kwa sababu alikaa chini mara tatu kabla hajamaliza ngazi za kanisa. Mama alikufa akiwa na miaka arobaini na moja, kope zimemwangukia, watu wakisema uvivu umempanda mpaka machoni.

Ndiyo maana nilimpa daktari Arroyave jibu lisilo sahihi. Wiki tatu zilizopita, mjini, alipomwandikia Duberney dawa mpya ya kutuliza akili, alinigeukia mimi.

"Mwili wako umejaa meko madogo sana, huwezi kuyaona," alisema. "Ndiyo yanayogeuza arepa, mkate wa mahindi uliokula, kuwa nguvu. Kuna watu wachache, meko yao ni dhaifu tangu tumboni mwa mama, na dawa hii inaweza kuyazima. Ini likaharibika. Kwenye ukoo wenu kuna ugonjwa wa misuli? Wa ini? Kifafa?"

"Hapana, daktari. Kwetu hakuna ugonjwa."

Nilisema kweli nilivyoijua. Nani huita uvivu ugonjwa?

Leo nimekaa kando ya kitanda nikihesabu. Watoto wa mjomba Arnobio wanapanda mlima na gunia begani wakipiga mluzi, na hakuna aliyewahi kuwaita Wavivu. Watoto wa shangazi zetu upande wa baba, vivyo hivyo. Lakini watoto wa mama mdogo Fabiola wanaitwa. Sisi tunaitwa. Jina linashuka kwa wanawake tu. Na daktari alisema, nakumbuka sasa alivyosema akifunga kalamu yake, kwamba mara nyingi meko hayo mtu huyarithi kwa mama.

Nikachukua simu.

Barabara ya mjini imefunikwa na maporomoko ya udongo tangu Jumapili. Muuguzi wa zahanati amekwama upande wa pili. Simu hushika mtandao juu kwenye tangi la maji tu, basi nikapanda. Nilikaa chini mara mbili njiani. Sikutaka kuhesabu hilo, lakini nimelihesabu.

Daktari hakupokea. Nikaandika: "Daktari, ni Luz Nidia, dada wa Duberney Agudelo. Nilikupa jibu lisilo sahihi. Ukoo wetu unaitwa Wavivu, na unatoka kwa mama. Anatapika, macho ya njano, haamki vizuri. Kidonge ni saa kumi na mbili. Nimpe au nisimpe?"

Nilisubiri mpaka ukungu ukafunika migomba. Hakuna jibu.

Niliporudi, doña Leonisa alikuwa amemletea Duberney maji moto ya sukari guru. Hakuyagusa.

"Mpe dawa yake," alininong'oneza. "Umesahau mwezi wa tano?"

Sijasahau. Aliacha vidonge vyake vya zamani siku tatu, siku ya nne akawa juu ya paa anang'oa vigae na kuwagawia majirani, anaimba, halafu akageukia bondeni akafungua mikono. Wanaume wanne walimshika. Mmoja bado ana kovu.

Saa inasema kumi na moja na dakika hamsini. Kichupa cha vidonge kiko kwenye mfuko wa aproni yangu, nimekifumbata mpaka kimepata joto.

"Luz." Duberney amefumbua macho. Sauti yake inatoka mbali. "Leonisa ameshawaambia nimelala nimesimama?"

"Ameshawaambia wote."

"Mzee yule atakufa akisimulia." Anajaribu kucheka, anachoka katikati. Vidole vyake vinatafuta mkono wangu, baridi kama jiwe la kufulia. "Dada, kidonge changu kiko wapi? Nipe. Usiniache nirudi kule juu ya paa."